Yurii Voronoy, daktari wa kwanza kupandikiza figo la marehemu

Mtu akiugua mafigo hapa Gisenyi, au ng'ambo kule Goma, familia huuliza kwanza habari ya fedha. Swali la pili ndilo gumu zaidi: nani atatoa figo? Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunaujua uzito wake. Ndugu wametawanyika Kongo, Uganda na Tanzania, na wengine waliuawa mwaka 1994. Daktari wa kwanza duniani kutafuta jibu kwa marehemu alikuwa Yurii Voronoy.

Voronoy alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha Zhuravka, nchini Ukraine. Baba yake, Georgy, mwanahisabati mashuhuri, alifariki mwaka 1908 akimwacha kijana wa miaka 13. Mtoto hakufuata hesabu. Alisomea udaktari Kiev, kisha akafanya kazi Kharkiv, ambako alifanya majaribio ya figo kwa mbwa.

Tarehe 3 Aprili 1933, mjini Kherson, alimpasua mwanamke wa miaka 26 aliyekunywa sumu ya zebaki kwa nia ya kujiua. Mafigo yake yalikuwa yamesimama kazi. Figo jipya lilitoka kwa mzee wa miaka 60 aliyekufa kwa kuumia kichwa. Daktari alilishona pajani kwa dawa ya ganzi tu, akitumaini litamvusha mgonjwa siku chache mpaka mafigo yake yapone. Lilitoa mkojo kidogo, kisha likakoma. Baada ya siku mbili mwanamke alifariki.

Leo sababu ziko wazi. Marehemu alikuwa wa kundi la damu B na mgonjwa wa kundi O, na mwili wa mtu wa O hulishambulia figo la B. Tena, figo lilitolewa saa 6 baada ya kifo, na figo lililokosa damu bila kuwekwa kwenye baridi huharibika upesi. Voronoy aliamini zebaki ilikuwa imelegeza kinga ya mwili wa mgonjwa, lakini dawa halisi za kazi hiyo hazikuwepo bado.

Aliirudia operesheni hiyo mara kadhaa hadi mwaka 1949, asipate figo lililodumu. Alifariki Kiev mwaka 1961. Mwaka uliofuata, mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walimpa mgonjwa figo la marehemu pamoja na dawa ya kutuliza kinga, likafanya kazi zaidi ya mwaka mmoja.

Siku hizi, katika nchi zenye huduma hiyo, madaktari hutazama umri wa marehemu, chanzo cha kifo, presha, kisukari na maambukizi. Hulinganisha damu, huliweka figo kwenye barafu na kuhesabu saa. Likichaguliwa vizuri, laweza kudumu miaka 10 na zaidi. Kwetu Afrika Mashariki upandikizaji umetegemea ndugu walio hai. Ndivyo ilivyoanza Hospitali ya King Faisal, Kigali, mwaka 2023. Asiye na ndugu anayefaa, njia yake ni nyembamba.

Ndugu msomaji, kabla ya kuuza shamba au bidhaa za dukani ili kumsafirisha mgonjwa, jueni kwanza kundi lake la damu na la yule anayejitolea. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na mwanamke wa Kherson alikufa akiwa na figo lisilolingana na damu yake.