Bernhard Zondek: Daktari Aliyeinasa Salamu ya Mtoto Tumboni

Tangu zama za kale, mwanamke aliyekosa kuona siku zake hakuwa na njia ya kujua kwa hakika kama amepata mimba au ni maradhi tu. Alivumilia kichefuchefu, akahesabu miezi, akangoja mpaka mtoto acheze tumboni. Hata daktari aliyesoma akabobea alikuwa akikisia tu. Waliowatoa watu katika kukisia huko ni madaktari wawili wa Berlin, Bernhard Zondek na mwenzake Selmar Aschheim.

Zondek alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Wronke, ambao siku hizo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo umo nchini Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Ndugu zake wawili, Hermann na Samuel, nao walikuwa madaktari wa kutajika. Bernhard alisomea Berlin, kisha akashika kazi ya uzazi na maradhi ya wanawake katika hospitali mashuhuri ya Charité.

Mwaka 1926 alichukua vipande vya pituitari, ile tezi ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo, akavipandikiza katika panya wa kike ambao hawajapevuka. Vifuko vyao vya mayai vikapevuka kabla ya wakati. Hapo akajua kwamba tezi hiyo hutuma amri kwa njia ya damu. Mwaka uliofuata, yeye na Aschheim wakakuta kwamba mkojo wa mama mja mzito umejaa kitu chenye nguvu kama hiyo, tena tangu majuma ya mwanzo ya mimba.

Kutokana na hayo wakatunga kipimo, wakakitangaza mwaka 1928. Mkojo wa mwanamke ulidungwa katika panya wachanga kwa siku kadhaa, halafu panya wakachinjwa na kupasuliwa. Vifuko vya mayai vikionekana vimevimba na kuvilia damu, basi mama ana mimba. Kipimo hicho kikaenea duniani. Baadaye wengine walitumia sungura badala ya panya, na wengine chura wa Afrika Kusini, ambaye alitaga mayai alipodungwa na hakuhitaji kuuawa.

Lakini mjuzi naye huteleza. Zondek alidhani homoni ile yatoka katika pituitari ya mama. Watafiti waliokuja nyuma yake walionyesha kuwa mtumaji ni kondo la nyuma, ambalo chanzo chake ni chembe za mimba yenyewe. Mimba changa inapojishikiza katika ukuta wa tumbo la uzazi, yapata juma moja tu baada ya yai kutungishwa, chembe zake za nje huanza kumwaga homoni hiyo katika damu ya mama. Homoni hufika penye kifuko cha mayai na kukiagiza kiendelee kutoa projesteroni, ambayo huutunza ukuta wa tumbo. Salamu hiyo isipofika, ukuta hubomoka, hedhi huja, na mimba hutoka. Kumbe kabla mama hajajua lolote, mtoto ameshabisha hodi na mwili umeshaitika!

Mwaka 1933 Wanazi walitwaa madaraka Ujerumani. Zondek, aliyekuwa mkuu wa idara ya uzazi katika hospitali ya Spandau, alifukuzwa kazi kwa sababu ya Uyahudi wake. Alipitia Stockholm, na mwaka 1934 akafika Jerusalem, ambako alianza upya katika hospitali ya Hadassah na kufundisha Chuo Kikuu cha Kiebrania. Aschheim naye alikimbilia Ufaransa. Hivyo ndivyo ujinga wa ubaguzi ulivyoinyang'anya nchi wataalamu wake, nao wagonjwa wa Berlin wakapoteza waganga wao. Zondek alifariki New York mwaka 1966, bila kupata tuzo ya Nobel.

Ugunduzi wake haukuwa wa kuleta habari njema peke yake. Yeye na mwenzake waligundua pia kwamba katika mimba zabibu, ambayo kondo huota ovyo pasipo mtoto wa kawaida, homoni ile huzidi mno. Mpaka leo madaktari huipima baada ya kusafisha tumbo, na isiposhuka wanatambua kwamba huenda maradhi yamebaki, pengine hata saratani, na kumtibu mama mapema.

Siku hizi panya na vyura wamepumzika. Mwanamke hununua kijiti dukani, akakichovya katika mkojo, na baada ya dakika chache mistari miwili humpa jibu. Kinachopimwa ni homoni ile ile ya Zondek. Basi, msomaji, uonapo kijiti hicho, mkumbuke daktari aliyefukuzwa kwao, lakini kazi yake ikakaribishwa katika nyumba za ulimwengu mzima.