Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeijibu dharau kwa kazi yake

Mwezi Machi mwaka 1928, mwanamke Mwafrika kutoka Zanzibar, ambaye hakupata kusoma shule, alisafiri kwa meli pamoja na wanamuziki wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad. Miaka isiyofika 20 kabla ya safari hiyo, alikuwa akitembeza vyungu kichwani akitafuta wanunuzi.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Utumwa ulikuwa bado halali visiwani, kwani ulifutwa kisheria mwaka 1897, na binti huyo alipewa jina la Mtumwa. Jina hilo peke yake lilitosha kumkumbusha kila siku nafasi aliyotengewa na jamii ya wakati huo: hakuwa na ukoo wa kujivunia, hakuwa na mali, na wala hakuhesabiwa miongoni mwa wanawake wanaosifiwa kwa sura.

Kazi ya kwanza aliyojifunza ilikuwa ufinyanzi, kutoka kwa mama yake. Alipokwenda kuuza vyungu aliwanadia wateja kwa kuimba, na watu walimtambua kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Hata hivyo, kati ya kuimba njiani na kuimba mbele ya hadhira palikuwa na umbali mkubwa. Taarabu ya zama hizo ilikuwa burudani iliyolelewa katika kasri la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu na kutawaliwa na wanaume.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa kikundi cha Nadi Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ambaye alitambua kipaji chake na kukubali kumfundisha uimbaji. Mwanafunzi huyo hakuwa tena kijana, na hakuwa na daftari la kumsaidia. Maneno, mahadhi na matamshi ya Kiarabu aliyapokea kwa sikio na kuyahifadhi moyoni. Hapo ndipo msingi wa kujiamini kwake ulipojengwa: si kwa kusifiwa, bali kwa kuijua kazi kiasi cha kutohitaji kuombea nafasi.

Baadaye aliungana na wanamuziki wakiwemo Subeti Ambar, Maalim Shaaban, Buda Swedi na Mbaruku. Kikundi hicho kiliimba kwa Kiswahili, na taarabu ikawafikia watu wa kawaida wa Ng'ambo, waliokuwa wakiishi nje ya Mji Mkongwe, huku ikiendelea kusikilizwa katika majumba ya wakubwa. Mtumwa akaanza kuitwa Siti, jina la heshima lenye maana ya bibi mwenye hadhi.

Umaarufu huo haukupokelewa vyema na wote. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kejeli. Walimkumbusha kwamba aliingia mjini akiwa amevaa kaniki, wakamcheka sura, na kudai kuwa bila sauti yake asingekuwa na chochote cha kumlisha. Yalikuwa maneno yenye uwezo wa kumrudisha Fumba mtu asiye na uhakika na nafsi yake. Siti hakukana asili yake wala hakudai uzuri asiokuwa nao. Alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, na kwamba hasara ya kweli kwa binadamu ni kukosa akili. Jibu hilo lilidumu kuliko kejeli zenyewe.

Kadiri uhakika wake ulivyoongezeka, ndivyo alivyothubutu kuzungumzia mambo mazito. Wimbo wake mashuhuri kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mtuhumiwa alitoroka kwenda Bara, na waliopata adhabu wakawa mashahidi. Aliyeanza kwa kutetea haki yake ya kuimba sasa alikuwa akiwatetea wanyonge mbele ya mahakama za kikoloni.

Sahani zilizorekodiwa Bombay na kampuni ya His Master's Voice zilisambaa katika pwani ya Afrika Mashariki na ndani ya Bara, na safari nyingine za kurekodi zikafuata. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950. Mwandishi Shaaban Robert, aliyekutana naye katika siku zake za mwisho, aliandika wasifu wake, na hivyo maisha ya mwanamke asiyeandika yakaingia katika fasihi ya Kiswahili. Miaka mingi baadaye, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.

Kwa mwanamke anayeingia leo katika taaluma ambayo hakuna wa ukoo wake aliyewahi kuifanya, maisha ya Siti yana funzo bayana. Dharau haikukoma ndipo akaanza kazi. Alianza kazi dharau ikiwa palepale, akajifunza kwa mwalimu, akashirikiana na wenzake, na ustadi wake ukampa sababu ya kujiamini ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.