Wasifu wa Mwalimu Nyerere: Mwalimu wa Baiolojia na Uchaguzi wa Chuo Kikuu

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mwanafunzi wa Nshamba aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia hukabiliwa na swali moja zito: niombe chuo gani? Wazazi wana jibu lao, walimu wana lao, na marafiki wana lao. Wengi hudhani swali hili ni la kizazi cha sasa tu. Wasifu huu unaonyesha kwamba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alilikabili zaidi ya mara moja, katika wakati ambapo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Wanafunzi wengi wanamfahamu kama Rais wa kwanza. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa baiolojia.

Kuzaliwa na elimu ya awali

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Mtoto alipewa jina la Kambarage, akakua akichunga mifugo na kulima kama watoto wengine wa kijijini. Mwaka 1934 alianza masomo katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Alifanya vizuri, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokuwa ikipokea vijana wachache waliochaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tangu hapo kila uamuzi wa Nyerere kuhusu masomo ulikuwa pia uamuzi kuhusu mama na ndugu zake, kwani walimtegemea.

Makerere, 1943 hadi 1945

Mwanzoni mwa mwaka 1943 Nyerere alikwenda Chuo cha Makerere, Kampala. Kwa kijana wa Tanganyika wa wakati ule aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari, Makerere ndiyo iliyokuwa njia. Hata waliotaka udaktari walikwenda huko, wakajifunza kazi katika Hospitali ya Mulago. Mmoja wao ni Dkt. Vedasto Kyaruzi kutoka Kagera, ambaye mwaka 1950 alikuwa Rais wa chama cha Tanganyika African Association, yaani TAA.

Nyerere yeye alichukua ualimu. Baiolojia na kemia zilikuwa miongoni mwa masomo yake. Desemba 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kupewa jina la Julius. Akiwa chuoni alishirikiana na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage, kuunda umoja wa wanafunzi wa Tanganyika. Alihitimu mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu. Shahada hakuwa nayo, kwa sababu Makerere ilikuwa bado haitoi shahada.

Uchaguzi wa kwanza: mshahara au shule

Baada ya Makerere, Nyerere alirudi Butiama akamjengea mama yake nyumba. Kisha akapata nafasi mbili za kazi mjini Tabora. Moja ilikuwa katika shule ya serikali aliyosoma mwenyewe. Nyingine ilikuwa St. Mary's, shule ya misheni, ambako mshahara ulikuwa mdogo zaidi. Alichagua St. Mary's. Huko alifundisha baiolojia na historia, na baada ya saa za kazi alifundisha Kiingereza bure kwa watu wazima wa mjini. Alijiunga na tawi la TAA la Tabora, akawa mweka hazina wake. Tawi hilo lilifungua duka la ushirika lililouza sukari, unga na sabuni.

Uchaguzi wa pili: kwenda au kubaki

Mkuu wa St. Mary's, Padri Richard Walsh, aliona kwamba mwalimu huyu angeweza kufika mbali zaidi. Alimshauri afanye mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, na Januari 1948 Nyerere akafaulu kwa daraja la pili. Lakini kufaulu mtihani ni jambo moja, na kupata fedha za kusoma ni jambo jingine. Aliomba ufadhili wa serikali ya kikoloni akakataliwa. Hakukata tamaa. Aliomba tena, na mwaka 1949 akapewa.

Hata baada ya kupewa, moyo wake ulisita. Nani angemtunza mama? Nani angewasomesha wadogo zake? Isitoshe, wakati wa Krismasi ya mwaka 1948 alikuwa amekubaliana uchumba na Maria Gabriel, mwalimu wa shule ya msingi. Mwishowe alikubali kwenda. Aprili 1949 alisafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Southampton, Uingereza, kisha akaenda Edinburgh, Scotland.

Uchaguzi wa tatu: sayansi au sanaa

Alipofika Edinburgh alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Hilo halikuwa ajabu, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa baiolojia. Chuo hicho kilikuwa na sifa kubwa katika udaktari. Dkt. Hastings Banda, aliyekuja kuwa Rais wa Malawi, alipata huko mwaka 1941 leseni ya kufanya kazi ya udaktari katika himaya ya Waingereza, ingawa tayari alikuwa na shahada ya udaktari aliyoipata Marekani mwaka 1937.

Hata hivyo, Oktoba 1949 Nyerere alikubaliwa kusomea shahada ya sanaa. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na anthropolojia ya jamii. Baadaye alisoma historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Kozi hizo zilimpa nafasi ya kusoma vitabu vingi na kufikiri. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba fikra zake za siasa zilijengeka Edinburgh. Alihitimu Julai 1952.

Linganisha na maisha ya Charles Darwin. Huyu aliingia Edinburgh mwaka 1825 kusomea udaktari, kama baba yake alivyotaka. Hakuvumilia kuona upasuaji, ambao siku hizo ulifanywa bila dawa ya usingizi. Aliondoka mwaka 1827, na mwaka 1828 akaanza masomo Cambridge. Huko alikutana na profesa wa botania, John Henslow, aliyemfungulia njia ya safari ya meli ya Beagle. Darwin aliacha udaktari lakini hakuiacha baiolojia. Nyerere aliacha baiolojia lakini hakuacha ualimu. Wote wawili walibadili njia baada ya kujipima.

Kurudi nyumbani

Nyerere alirejea Tanganyika mwaka 1952, akafunga ndoa na Maria Januari 1953. Alifundisha katika Chuo cha St. Francis, Pugu. Mwaka 1953 alichaguliwa Rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwaka 1955 ilimbidi achague tena, kati ya darasa na siasa. Aliacha kazi ya ualimu, pamoja na mshahara wake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Tatizo alilolijua kwa uzoefu wake mwenyewe, la kijana kulazimika kwenda nchi nyingine kutafuta shahada, lilikuwa sasa mezani kwake kama kiongozi. Mara nyingi alieleza kwamba wakati wa uhuru nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kikianza na wanafunzi wachache wa sheria. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na kutokana na mzizi huo kikakua Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata kujitegemea tarehe 1 Julai 1970, Nyerere alikuwa Mkuu wake wa kwanza. Aling'atuka katika urais mwaka 1985, na alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama.

Mafunzo kwa mwanafunzi wa sayansi

Leo mwanafunzi wa Muleba anayetaka udaktari ana vyuo kadhaa nchini: Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando ng'ambo ya ziwa jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, na vingine, kikiwemo kile kilichopewa jina la mwanzilishi wake, Profesa Hubert Kairuki. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali. Kabla ya kujaza fomu, jiulize mambo haya:

1. Je, chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na shahada yake inakubaliwa na baraza la madaktari? Kumbuka Banda, aliyelazimika kurudi darasani ili atambuliwe.
2. Nani atalipa? Usichukulie kukataliwa mara ya kwanza kuwa mwisho wa safari. Nyerere alipata ufadhili katika ombi la pili.
3. Je, chuo kina hospitali ya kujifunzia yenye wagonjwa wa kutosha? Udaktari haujifunzwi kwa vitabu peke yake.
4. Je, unataka udaktari wewe, au wanautaka wengine? Darwin alihitaji miaka miwili kulijibu swali hili.
5. Ukienda mbali, nyumbani nani atabaki na mzigo? Zungumzeni mapema na wazazi, kwa uwazi.

Jina kubwa la chuo halikumfanya Nyerere kuwa Nyerere. Alisoma chuo alichokipata kwa bidii, akabadili kozi alipoona sababu, kisha akarudi na elimu yake nyumbani.

Msamiati

Stashahada: tuzo ya elimu iliyo chini ya shahada.
Ufadhili: msaada wa fedha za masomo.
Utarajali: mafunzo ya kazi hospitalini baada ya kuhitimu.
Kung'atuka: kuacha madaraka kwa hiari.

Maswali ya marudio

1. Taja shule na vyuo vyote alivyosoma Nyerere, kwa mfuatano wa miaka. (alama 4)
2. Kwa nini Nyerere hakupata shahada Makerere? (alama 2)
3. Eleza sababu mbili zilizomfanya asite kwenda ng'ambo. (alama 4)
4. Linganisha uamuzi wa Nyerere na wa Darwin wakiwa Edinburgh. Onyesha jambo moja wanalofanana na moja wanalotofautiana. (alama 4)
5. Mwandishi anadai kwamba jina kubwa la chuo silo linalomjenga mtu. Je, unakubaliana naye? Toa hoja tatu ukitumia mifano kutoka katika wasifu huu. (alama 6)