Victor Nendaka: Mkuu wa usalama wa Congo ambaye waziri wake alishindwa kumwondoa

Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, Bunge la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hufungua mjini Kinshasa kikao chake cha bajeti. Mawaziri huitwa kueleza watakavyotumia fedha za umma. Idara ya ujasusi, ANR, nayo ina fungu lake, lakini kwa mujibu wa sheria iliyoiunda upya Januari 2003 idara hiyo iko chini ya Rais.

Swali la nani anaiamuru idara hiyo na nani anaona hesabu zake ni la zamani kama uhuru wenyewe. Aliyelifanya liwe gumu ni mtoto wa Mkoa wa Mashariki, ule ambao makao yake makuu yalikuwa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo.

Victor Nendaka Bika alizaliwa mwaka 1923 na ni mtu wa Bas-Uele, kaskazini ya Kisangani. Kabla ya siasa alikuwa mfanyabiashara mjini Leopoldville. Alijiunga na chama cha MNC cha Patrice Lumumba, akapanda hadi kuwa makamu wa rais wa chama.

Mwishoni mwa Oktoba 1959 chama hicho kilifanya mkutano mkuu Stanleyville. Ghasia zikazuka, watu wakafa, na Lumumba akatiwa jela. Wakati kiongozi yuko kifungoni, Nendaka alikuwa miongoni mwa waliobaki na chama mikononi. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 1960, alijitenga naye akimshutumu kuelemea mrengo wa kushoto, akaanzisha tawi lake mwenyewe.

Uchaguzi wa Mei 1960 ulimwaibisha. Mkoa wa Mashariki ulimfuata Lumumba: chama chake kilipata viti 58 kati ya 70 vya baraza la mkoa. Nendaka alibaki mwanasiasa asiye na wapiga kura hata nyumbani kwao, na huenda hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa. Cheo kilichomjia baadaye hakikuhitaji kura.

Septemba 1960, baada ya Kanali Mobutu kuwaweka kando wanasiasa, Nendaka alikabidhiwa Idara ya Usalama, iliyojulikana kwa jina la Kifaransa la Sûreté. Ilikuwa idara ya kikoloni, iliyozoea kuwafuatilia Wakongo kwa ajili ya gavana mkuu. Mkuu wake wa mwisho Mbelgiji alikuwa Frédéric Vandewalle. Jina hilo wakazi wa Stanleyville wangelisikia tena.

Nendaka hakuwa peke yake. Alikuwa katika kile kilichoitwa Kundi la Binza, kwa jina la mtaa wa Leopoldville walikokaa wakubwa hao. Humo walikuwamo Mobutu wa jeshi, Justin Bomboko wa mambo ya nje na Albert Ndele wa benki kuu. Jeshi, usalama na fedha vilikuwa vya marafiki, na mambo mengi ya nchi yaliamuliwa huko kabla hayajafika kwenye baraza la mawaziri, sembuse bungeni.

Tarehe 17 Januari 1961 Nendaka mwenyewe alikwenda Thysville kuwachukua Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito kutoka gerezani. Aliwasindikiza hadi Moanda, ambako ndege nyingine iliwapeleka Elisabethville. Usiku uleule waliuawa huko Katanga. Stanleyville haikumsamehe.

Miezi kadhaa baadaye, Agosti 1961, wabunge walikutana Chuo Kikuu cha Lovanium na kuipata serikali ya umoja chini ya Cyrille Adoula. Wizara ya Mambo ya Ndani alipewa Christophe Gbenye, mfuasi wa Lumumba aliyetoka katika serikali ya Antoine Gizenga ya Stanleyville. Gbenye naye alikuwa mtu wa Bas-Uele. Wana wawili wa eneo moja wakajikuta mmoja waziri, mwingine mkuu wa idara ambayo waziri huyo aliiona kuwa yake.

Gbenye alijaribu kumwondoa Nendaka. Nendaka hakuondoka.

Katiba ya muda ya Mei 1960 iliwaruhusu wabunge kumhoji waziri na hata kumwangusha. Mkuu wa Sûreté hakuwa waziri. Aliyepaswa kusimama mbele ya Bunge na kujibu juu ya watu waliokamatwa usiku alikuwa Gbenye, ambaye hakuwa na uwezo wa kumwamuru aliyewakamata. Aliyekuwa na uwezo huo hakuwa na kiti cha kuitiwa. Mwaka 1962 aliyetoka serikalini ni Gbenye. Gizenga, ambaye Bunge lenyewe lilipiga kura kumlaumu Januari mwaka huo, alifungwa kisiwani Bulabemba bila kesi hadi Julai 1964.

Hesabu nazo zilikuwa na giza lake. Agosti 1960 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimruhusu mwakilishi wake Leopoldville kutumia hadi dola 100,000 katika juhudi za kumwondoa Lumumba. Ubelgiji kwa upande wake ilitenga faranga milioni 50 za siri dhidi ya Lumumba na kwa ajili ya wapinzani wake. Hakuna mbunge wa Congo aliyeombwa kuidhinisha fedha hizo. Habari za zile dola zilitolewa hadharani mwaka 1975 na kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, na za zile faranga mwaka 2001 na tume ya bunge la Ubelgiji. Mambo ya Leopoldville yalisomwa na wabunge wa Washington na Brussels.

Septemba 1963 Rais Kasavubu alilifunga Bunge. Siku chache baadaye Gbenye na wenzake, wakiwa Brazzaville ng'ambo ya mto, waliunda Baraza la Ukombozi la Taifa, CNL. Novemba mwaka huo watu wa Nendaka waliwakamata wanadiplomasia wa Kisovieti waliokuwa wakirejea kutoka Brazzaville, na ubalozi wao ukafukuzwa nchini. Kama kazi ya ujasusi, lilikuwa pigo safi. Lakini wapinzani waliokuwa na kiti bungeni hawakuwa tena na mahali pa kusemea isipokuwa msituni.

Bei yake ililipwa Stanleyville. Mwanzoni mwa Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na Septemba Gbenye akatangazwa rais wa Jamhuri ya Watu wa Congo. Makarani, walimu na watumishi wa serikali walioshukiwa kuwa watu wa Leopoldville waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka kutoka ndege za Marekani, na safu ya askari wa nchi kavu ikaingia mjini. Aliyeiongoza safu hiyo alikuwa Vandewalle, yule mkuu wa mwisho wa Sûreté ya kikoloni. Mateka wa kizungu wengi waliokolewa, makumi wakauawa. Wakongo waliokufa kabla na baada ya siku hiyo walikuwa maelfu.

Nendaka aliendelea kupanda. Mwaka 1965 akawa waziri wa mambo ya ndani, kiti kilekile alichokalia Gbenye. Baada ya Mobutu kutwaa madaraka Novemba mwaka huo alipewa wizara ya uchukuzi, na mwaka 1968 akawa waziri wa fedha hadi 1969.

Mtu aliyeongoza idara ya siri kwa miaka mitano sasa ndiye aliyeandaa bajeti ya nchi nzima. Hakuwa na kikao cha kutisha mbele yake. Mobutu alikuwa amejitwalia mamlaka ya kutunga sheria tangu Machi 1966, na uchaguzi wa wabunge haukufanyika hadi Novemba 1970.

Kutoka wizarani alipelekwa Ujerumani Magharibi kama balozi. Mwaka 1971 alikamatwa pamoja na Bomboko, rafiki yake wa Binza, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya Mobutu. Idara iliyokuwa chini ya macho yake, wakati huo ikiwa imebadilishwa jina, sasa ilikuwa na faili lake. Mwaka huohuo Gbenye alirudi nchini kutoka uhamishoni.

Nendaka alifariki mwaka 2002. Gbenye aliishi hadi 2015.