Muyaka bin Haji na Sanaa ya Kusoma Vijembe

Kabla ya uchaguzi uliopita kuna shairi lilizunguka sana kwenye simu zetu huku Pwani. Lilimsifu mwanasiasa mmoja kwa ukarimu wake, jinsi anavyowakumbuka wanyonge kila baada ya miaka mitano. Wapambe wake walilipokea kwa furaha, wakalisambaza wao wenyewe kila kundi walilokuwamo. Siku ya pili wazee barazani walikuwa wakicheka hadi machozi. Mtu wao alikuwa amepakwa kwa mgongo wa chupa, na waliompaka ni hao hao wapambe wake, kwa vidole vyao.

Mimi sikucheka sana. Nilimkumbuka Muyaka, na nikajiuliza imekuwaje sisi wajukuu wa mji wake tushindwe kusoma kijembe.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy inakadiriwa alizaliwa Mombasa mwaka wa 1776 au karibu yake. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa vyombo na safari za baharini, aliyejua faida na aliyejua kufilisika. Katika zama zake, tungo ndefu zilizoandikwa na kuhifadhiwa zilikuwa nyingi za dini, tenzi za Mtume na za mawaidha. Muyaka alishika ubeti wa mistari minne, wenye mizani kumi na sita kila mstari, akautia mambo ya mjini: mapenzi, deni, rafiki aliyemgeuka, nyumba, njaa, na zaidi ya yote, siasa. Watu waliupokea, wakauhifadhi vichwani, wakaupeleka sokoni na melini.

Sasa ukitaka kumwelewa ni lazima ujue Mombasa ya wakati ule. Mji ulikuwa chini ya Mazrui, magavana ambao awali waliwekwa na Oman kisha wakajitawala. Muyaka alikuwa mtu wao. Hili nalisema mapema kwa sababu wengi humsoma kama kwamba alikuwa akisema kwa niaba ya Waswahili wote. La. Alikuwa na upande. Alipouimba mji wake kwa majina ya kale, Gongwa na Mvita, akaufananisha na maji marefu na giza ambalo mgeni haliwezi, hakuwa akiandika jiografia. Alikuwa akimtisha adui na kumpa moyo rafiki. Msomaji makini atauliza nini kimeachwa nje ya sifa hizo. Mombasa hiyo hiyo Wareno waliichoma mwaka wa 1505, wakairudia mwaka wa 1528, na ngome yake Waomani waliitwaa mwaka wa 1698. Maji yalikuwa marefu, lakini watu walivuka.

Na kuna wakati maneno ya aina hii yalikuwa na gharama. Mwaka wa 1812, au karibu yake, Mombasa iliungana na Pate kwenda kuipiga Lamu. Kabla na baada ya vita hivyo washairi wa pande mbili walikuwa wakirushiana tungo. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi, aliyewaamsha watu wake wajiweke tayari. Haya majibizano hayakuwa mchezo wa kupitisha jioni. Shairi lilifanya kazi ya gazeti, ya barua ya kibalozi na ya mkutano wa hadhara kwa pamoja. Lilisomwa na adui pia, na mtungaji alijua hivyo, ndiyo sababu kila neno lilikuwa na nyuso mbili: moja kwa wa kwao, moja kwa wa ng'ambo.

Jeshi la Mombasa lilishuka Shela likavunjwa vibaya. Wazee husimulia kuwa waliokimbilia pwani walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Waliokufa pale ni vijana waliokulia katika majigambo ya mji usioshindika. Simlaumu Muyaka peke yake. Wenye kuamua vita walikuwa wengine. Lakini sioni kama ni haki kuyasifu makali ya ulimi wake bila kuutaja mchanga wa Shela.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko vita vyenyewe. Lamu, kwa kuogopa kisasi, iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Kutoka hapo mkono wa Busaidi ukazidi kuikaribia Mombasa. Mazrui walijaribu kujikinga kwa bendera ya Uingereza, ambayo Kapteni Owen aliwakubalia mwaka wa 1824. Miaka miwili baadaye Waingereza waliondoka. Seyyid Said alikuja, akarudi, akaja tena, na miaka hiyo yote Muyaka alikuwa akitunga, akimcheka anayeshindwa na kuwakejeli waliotaka kumfungulia mlango.

Hapa ndipo kejeli zake zinapotaka jicho kali, maana hakumtaja mtu. Anasimulia jambo la nyumbani au la baharini, jambo dogo kabisa, na asiyejua tukio hupita akidhani ni kisa cha chombo au cha mke na mume. Nilipokuwa sekondari nilipewa tungo moja ya namna hiyo nieleze maana yake. Nikaandika kurasa mbili kuhusu uvuvi. Mwalimu hakunigombeza, aliniuliza tu: huyu mtu anamwambia nani, na kwa nini leo? Sikuwa na jibu. Swali hilo limenifaa kuliko cheti nilichokipata baadaye.

Kuna ugumu mwingine ambao vijana wetu hawaujui. Tungo hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika mwandiko wa zamani herufi ba ilibeba sauti kadhaa za Kiswahili. Neno moja kwenye karatasi laweza kusomwa baba, papa, pamba au bamba. Msomaji alilazimika kuijua habari nzima ndipo asome neno. Alikuwa hana njia ya kusoma haraka haraka kama sisi tunavyotelezesha kidole kwenye kioo cha simu.

Mwaka wa 1835 Liwali Salim bin Ahmed alifariki, na Mazrui wakagombana wao kwa wao. Mwaka wa 1837 Seyyid Said aliingia Mombasa, safari hii kwa msaada wa baadhi ya wenye mji wenyewe waliokuwa wamechoka. Wakubwa wa Mazrui wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi upande wa Ghuba. Mji ambao Muyaka aliufananisha na kilindi ulichukuliwa, na ufunguo ulitoka ndani. Yeye aliishi kiasi cha miaka mitatu baada ya hapo. Hutajwa kuwa alifariki mwaka wa 1840.

Kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, leo tungekuwa na maneno bila maana. Miongo kadhaa baada ya kifo cha Muyaka, mwalimu huyu wa Mombasa alikusanya beti kutoka kwa waliozihifadhi, akaandika pia sababu ya baadhi ya tungo: nani alikuwa amesema nini, na nani akijibiwa. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, na karatasi zao zikaishia London. Diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka wa 1940 kwa mkono wa William Hichens. Mwaka wa 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka, na hicho ndicho ninachokitumia na vijana wachache wanaokuja kwangu Jumamosi.

Juzi niliwapa beti moja bila maelezo ya Sikujua. Wakaanza kubishana kama ni sifa au ni tusi. Binti mmoja akasema hawezi kujibu mpaka ajue mtu aliyesifiwa alikuwa bado na cheo siku hiyo au alikuwa ameshaondolewa. Nikafunga kitabu, nikawaacha waendelee.