Daktari Biggs na Daftari la Wagonjwa wa New York

Ukiutaja mji wa New York, msomaji hufikiria majumba marefu na fedha. Leo nataka kumzungumzia mtu aliyeujua mji huo kwa upande wake mwingine: vyumba vya giza walimopanga wahamiaji, jamaa nzima ikilala chumba kimoja, na kikohozi kinachopenya ukuta usiku kucha. Jina lake ni Hermann Michael Biggs. Wanaoshughulika na afya ya miji wanalijua vyema. Sisi wengine hatulijui sana, lakini kila daktari wa mjini anayejaza fomu ya kuarifu ugonjwa wa kuambukiza anapita katika njia ambayo Biggs alikuwa mmoja wa walioifyeka.

Alizaliwa tarehe 29 Septemba, 1859, katika kijiji cha Trumansburg, jimbo la New York. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell, na insha yake ya kuhitimu mwaka 1882 ilihusu wajibu wa serikali katika afya ya watu. Kwa hiyo fikira hii haikumjia uzeeni. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Robert Koch alisimama mbele ya mabingwa wenzake mjini Berlin akawathibitishia kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu. Hadi hapo watu wengi, na madaktari miongoni mwao, walishika kwamba maradhi hayo ni ya urithi. Biggs akapata shahada ya udaktari katika chuo cha hospitali ya Bellevue mwaka 1883, akaenda Ujerumani kujifunza elimu hiyo mpya ya vijidudu, kisha akarudi New York kufanya kazi katika maabara.

Mwaka 1889 yeye na wenzake wawili, Prudden na Loomis, waliiandikia idara ya afya ya mji wakieleza kwamba kifua kikuu chaambukiza na chaweza kuzuiwa. Idara ikawauliza matabibu wakubwa wa mji, na wengi wao hawakuafiki. Lililofanyika likawa ni kutoa karatasi za kuwaonya watu juu ya makohozi, basi. Mtu mwenye hamaki angejiuzulu au angegombana. Biggs hakufanya hata moja. Alingoja, na katika kumsoma mtu huyu nimeona kwamba subira yake ndiyo iliyokuwa silaha yake kubwa kuliko elimu yake.

Alichokingojea kilikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 1892 kipindupindu kiliuvamia mji wa Hamburg, kikaua watu zaidi ya 8,000, na Hamburg ndiyo bandari waliyopandia wahamiaji wengi wa kwenda Marekani. Meli zikaanza kuwasili New York zikiwa na wagonjwa na maiti, zikawekwa karantini. Sisi watu wa bandari hatuhitaji kuelezwa hofu ya namna hiyo. Wakubwa wa mji, ambao jana hawakuwa na senti ya maabara, ghafla wakaipata. Ikaundwa idara ndogo ya kuchunguza vijidudu, Biggs akiwa mkuu wake. Kipindupindu kiliwapata watu wachache tu mjini kisha kikatoweka. Maabara ikabaki.

Hapa ndipo penye akili yake. Serikali nyingi hutaka taarifa kwa amri: daktari, usipoarifu utatozwa faini. Biggs aliona kwamba daktari mwenye wagonjwa wengi na pato dogo hatakaa kujaza karatasi kwa ajili ya karani asiyemjua, ambaye hampi chochote. Akaanza na dondakoo, maradhi yaliyokuwa yakiwakaba watoto roho. Akishirikiana na William Park, kuanzia mwaka 1893, aliweka katika maduka ya dawa visanduku vyenye kijiti cha pamba na kichupa cha kuoteshea vijidudu. Daktari alichukua kisanduku bure, akampangusa mtoto kooni, akakirudisha dukani. Jioni mjumbe wa idara alivikusanya vyote, na kesho yake daktari alipata jawabu: hili ni dondakoo, au silo. Wengi waliokuwa wakidhaniwa wana dondakoo wakaonekana hawanalo. Fikiria faida yake kwa mama ambaye mwanawe alikuwa karibu kupelekwa wodi ya wagonjwa wa dondakoo bila ya kuwa nalo! Na pamoja na kisanduku kulikuwa na karatasi ya kujaza: jina, umri, nyumba. Daktari akapata msaada, na mji ukapata taarifa.

Mwaka 1894 Biggs alikuwa Ulaya, habari zilipoenea kutoka mkutano wa Budapest kwamba Émile Roux wa Paris ametumia dawa iliyotolewa katika damu ya farasi, na vifo vya watoto wa dondakoo hospitalini vimeshuka kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi kama robo. Hakungoja kurudi. Alimpelekea Park simu ya maandishi aanze kuwadunga farasi. Fedha ya farasi haikuwamo katika bajeti, na wawili hao walianza kwa kutoa mifukoni mwao, hata gazeti moja la mji likachangisha wasomaji wake. Mapema mwaka 1895 dawa ilikuwa tayari. Maskini walipewa bure, na iliyozidi ikauzwa ili maabara ijitegemee.

Madaktari walipokwisha kuzoea kuiona idara kuwa mlango wa msaada, Biggs akarudi kwenye lile la 1889. Mwaka 1894 hospitali na taasisi za umma zililazimishwa kuarifu kila mgonjwa wa kifua kikuu. Madaktari wa binafsi waliombwa tu. Kupimiwa makohozi kukawa bure kwa yeyote. Miaka mitatu baadaye, 1897, ombi likawa sheria kwa wote.

Ndipo moto ulipowaka. Vyama vya madaktari vilipinga, majarida yao yakapinga, na baadhi yao wakalifikisha shauri hadi kwenye bunge la jimbo huko Albany ili idara ipunguziwe nguvu. Wala hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema siri ya mgonjwa ni amana ya daktari. Walisema mtu akijulikana ana kifua kikuu atafukuzwa kazi, mwenye nyumba atamtoa, na bima yake ya maisha itapotea.

Nani kati yetu asiyeielewa hoja hiyo? Sisi tuliolelewa pwani twajua thamani ya sitara. Nimeona nyumba ambamo kijana akikohoa damu huambiwa ana baridi ya kifua, kikombe chake kikatengwa kimya kimya juu ya kabati, na wageni wakaambiwa amekwenda shamba, kwa kuwa dada yake ana posa na wachumba watakimbia. Hakuna ubaya wa moyo hapo, kuna hofu. Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wazee hao hao ndio wanaofunga mlango.

Biggs hakuzidharau hofu hizo. Alikubali kwamba mgonjwa wa daktari wa binafsi hatatembelewa na mkaguzi wa idara iwapo daktari wake hataki. Orodha ya majina haikuwa ya kutangazwa. Ilikuwa ya kuujulisha mji ni nyumba zipi zinazorudia kutoa wagonjwa, wapi pa kupaka chokaa na kusafisha baada ya mauti, na wapi pa kupeleka wauguzi. Majaribio ya Albany hayakufaulu, na sheria ikasimama. Mwaka 1901, katika mkutano wa London, Koch mwenyewe aliisifu New York kuwa ni mfano wa kuigwa.

Lakini sitaki kumfanya walii. Daftari likishajua nyumba ya mtu, serikali huweza kuja na mengine. Wagonjwa wa kifua kikuu waliohesabiwa kuwa wakaidi, na aghalabu walikuwa maskini, waliweza kuzuiliwa kwa nguvu katika hospitali ya Riverside, kwenye kisiwa cha North Brother. Na mwaka 1907, Biggs akiwa ofisa mkuu wa utabibu wa mji, alikamatwa mpishi mmoja, Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland, ambaye mwilini mwake mlikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo ilhali mwenyewe hakujiona mgonjwa. Nyumba alizopikia zilikuwa zimeugua moja baada ya nyingine. Alikaa kisiwani hadi 1910, akaachiliwa kwa sharti asipike tena. Mwaka 1915 akapatikana akipika hospitalini, akarudishwa kisiwani. Kwamba alikuwa hatari sina shaka. Ila nauliza ni kazi gani ya maana aliyopewa badala ya ile aliyoijua, maana idara iliyokuwa hodari wa kumpa daktari kisanduku bure haikuwa hodari hivyo wa kumpa mpishi riziki nyingine. Kwa madaktari Biggs alifuata nipe nikupe. Kwa Mary alisahau.

Kuanzia 1914 Biggs alikuwa kamishna wa afya wa jimbo zima la New York, akipeleka vijijini maabara na wauguzi aliowajaribu mjini. Katikati ya vita, mwaka 1917, alikwenda Ufaransa kuangalia hali ya kifua kikuu huko. Alifariki akiwa bado kazini, tarehe 28 Juni, 1923, umri wake miaka 63. Maabara aliyoianzisha kwa hofu ya meli za Hamburg iliendelea kupokea vichupa kutoka maduka ya dawa. Mary Mallon alikuwa bado kisiwani, na alibaki huko miaka mingine 15, hadi alipofariki mwaka 1938.