Meja Jenerali Squier, Askari Aliyepitisha Sauti Katika Waya wa Umeme

Leo tumeona vyema kuwasimulia askari na polisi maisha ya mwenzao wa zamani, Meja Jenerali George Owen Squier wa Marekani. Jina lake lilivuma sana zama zake. Siku hizi halitajwi mara nyingi, lakini kazi yake ingali hai katika nyaya za umeme zipitazo juu ya vichwa vyetu.

Squier alizaliwa mwaka 1865 kijijini Dryden, katika jimbo la Michigan. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1887, na akiwa bado jeshini akapata shahada ya udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1893. Ofisa msomi kiasi hicho alikuwa nadra wakati ule. Baadaye aliongoza meli iliyotandaza nyaya za simu baharini huko Ufilipino. Tarehe 12 Septemba 1908 alipanda ndege pamoja na Orville Wright. Siku tano baadaye ndege hiyo ilianguka, akafa Luteni Thomas Selfridge.

Jambo kubwa alilifanya Washington mwaka 1910. Alichukua waya wa kawaida wa simu, akapitisha humo mazungumzo mawili kwa wakati mmoja: moja kwa njia ya kawaida, la pili likibebwa na mawimbi ya redio yenye mitetemo maelfu mengi kwa sekunde. Mawimbi hayo hayakutawanyika angani, bali yaliufuata waya hadi mwisho wake.

Kilichowezekana katika waya wa simu kiliwezekana pia katika waya wa umeme. Umeme wetu hutetema mara 50 tu kwa sekunde, hivyo ishara yenye mitetemo maelfu husafiri nao bila kuchanganyika. Penye msongo mkubwa pana hatari, kwa hiyo huwekwa kapasita iruhusuyo ishara kuingia wayani huku ikiuzuia umeme usimfikie mwenye simu. Nayo koili huwekwa kwenye kituo ili ishara isipotee njia. Miaka ya 1920 makampuni ya umeme ya Marekani na Ulaya yalizungumza hivyo baina ya vituo vyao. Baadaye njia hiyo ilibeba hata amri za kukata waya wenye hitilafu. Hatusemi kwamba Squier aliyafanya yote hayo peke yake, kwani wahandisi wengi walishiriki.

Uvumbuzi wake ulisajiliwa Januari 1911 chini ya sheria ya mwaka 1883. Sheria hiyo ilimsamehe ofisa wa serikali ada ya usajili, kwa sharti kwamba serikali na kila mtu nchini Marekani waweze kuutumia uvumbuzi huo bila malipo. Squier alilikubali sharti hilo, akasifiwa kwa ukarimu.

Mwaka 1917 alikuwa Mkuu wa Kikosi cha Mawasiliano, na urubani ulikuwa chini yake. Bunge lilitoa dola milioni 640 kwa ajili ya ndege, lakini ndege zilichelewa, lawama zikamwangukia, na mwaka 1918 urubani ukaondolewa mikononi mwake. Alistaafu mwishoni mwa 1923.

Wakati huo kampuni kubwa ya simu ya Marekani ilikuwa ikipata faida kwa njia ya mawimbi wayani. Squier akaishtaki, akidai kwamba hakukusudia kuwapa matajiri mali yake. Mahakama ilimkatalia, na rufani yake ikashindwa mwaka 1925: alichowapa watu wote, kampuni nayo ilikuwa miongoni mwao. Tunamhurumia mzee huyo, ila sharti alilolikubali lilikuwa wazi.

Hakukata tamaa. Aliwashawishi wenye umeme wapeleke muziki majumbani kupitia nyaya za taa, na mwaka 1934 akaibuni jina la Muzak kwa kazi hiyo. Alifariki tarehe 24 Machi mwaka huo huo, akazikwa Arlington. Baada yake muziki huo uliachana na nyaya za taa, ukapitishwa katika nyaya za simu.